Kabla taya halijakatwa: panga kwanza meno yatakaa wapi

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na ndugu zake walioambiwa kwamba taya litakatwa na kujengwa upya. Ni wa matabibu wenzangu wa kinywa na meno pia, wale walioko vituo vya Kigoma na Tabora, kwa sababu sisi ndio tunaomwona mgonjwa huyu mwanzo na mwisho: kabla hajapanda basi kwenda hospitali ya rufaa, Bugando au Muhimbili, na baada ya kurudi nyumbani.

Ninalotaka kusema ni hili. Meno ya bandia hayapangwi baada ya upasuaji, yanapangwa kabla. Daktari wa upasuaji akishajua meno yatasimama wapi, ndipo anajua mfupa mpya auweke wapi. Mpangilio huo ukigeuzwa, mgonjwa anaweza kutoka na uso mzuri na taya lisiloweza kubeba hata jino moja.

Hatua ya kwanza: ugonjwa ujulikane jina

Usipange lolote kabla kinyama hakijachukuliwa na kupimwa maabara. Uvimbe wa taya si ugonjwa mmoja. Kwa vijana na watu wa makamo tunakutana sana na ameloblastoma. Huanzia kwenye chembe zinazohusika na kutengeneza meno, hukua taratibu kwa miaka, mara nyingi bila maumivu, na karibu visa vinne kati ya vitano huwa kwenye taya la chini, hasa nyuma kwenye magego. Hausambai mwilini kama saratani, ila unakula mfupa, na ukikwanguliwa tu una tabia ya kurudi. Ndiyo maana madaktari hukata pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa mzima kuzunguka uvimbe. Sentimita hizo ndizo zinazoondoka na meno mazima.

Ikiwa ni saratani ya kinywa, mwendo ni mwingine: mambo huenda haraka na mara nyingi mionzi hufuata. Nitaligusia hilo chini.

Mtoto ambaye shavu linavimba haraka, kwa siku au wiki chache, na meno yanalegea, asisubiri mwongozo huu wala mwingine wowote. Inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, ambayo hutibiwa kwa dawa za saratani na si kwa kukata taya. Apelekwe hospitali ya mkoa leo.

Na jambo moja kwa matabibu: jino lililolegea bila kuoza, kwenye taya lililovimba, msiling'oe kabla ya eksirei. Wagonjwa wengi wa ameloblastoma wanaofika wakiwa wamechelewa wameshang'olewa meno matatu au manne huko nyuma, kila mara wakiambiwa tatizo ni jino.

Hatua ya pili: kinywa kiwekewe kumbukumbu kabla hakijaguswa

Hapa sisi wa mikoani tuna kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mgonjwa akiwa bado na meno yake, kinywa kinatuonyesha meno ya juu na ya chini yanakutana vipi, kidevu kimekaa wapi, mdomo umeegemea nini. Siku ya upasuaji ushahidi huo wote unaondoka kwenye ndoo pamoja na uvimbe.

Chukua chapa ya meno ya juu na ya chini. Aljineti ya kawaida, ule unga wa kuchukulia chapa unaochanganywa na maji, inatosha. Ikishatoka mdomoni haisubiri, inakauka na kusinyaa, kwa hiyo mimina plasta ndani ya dakika kumi hivi. Ukichelewa kidogo, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Plasta ikianza kupata joto mkononi usiitikise, hilo joto ndilo dalili kwamba inaganda. Ikishapoa, itoe, hiyo ndiyo sanamu ya meno, andika jina la mgonjwa na tarehe kwa penseli kwenye kitako. Kisha lainisha kipande cha nta kwenye maji ya moto, mwambie mgonjwa aume kama anavyouma siku zote, uitoe ikiwa imebeba alama za meno ya pande zote mbili. Nta hiyo ndiyo itakayomwambia fundi wa meno kule mbele sanamu mbili zinakaa vipi moja juu ya nyingine.

Kila sanamu ifungwe kwa kitambaa, ziwekwe kwenye boksi gumu, na mgonjwa azipakate mwenyewe. Zisiende kwenye buti la basi.

Piga picha za uso kwa simu: mbele, kulia, kushoto, akitabasamu, na akiuma huku midomo imevutwa pembeni. Mwambie alete pia picha za zamani, za harusini au za kitambulisho, za kabla uvimbe haujaanza. Uvimbe wa miaka mitano umeshabadilisha uso kiasi kwamba picha ya leo haionyeshi mtu mwenyewe alivyokuwa, na fundi wa meno anahitaji kumwona akicheka zamani.

Pima mdomo unafunguka milimita ngapi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Chini ya milimita 35 ni mdomo uliobana, andika kwenye barua ya rufaa. Nyumbani unaweza kupima kwa vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vikisimamishwa katikati ya meno.

Ukifika hospitali ya rufaa, CT skani ya taya ikifanyika omba ipigwe kwa vipande vyembamba, milimita moja au pungufu, na uombe nakala yake kwenye CD, si karatasi ya picha peke yake. Kwa nakala hiyo taya linaweza kuchapwa kwa plastiki katika ukubwa wake halisi, na pleti, yaani bamba la chuma la kushikilia taya, ikakunjwa juu yake kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Pasipo na mashine ya kuchapa, sanamu za plasta na nta zinabeba sehemu muhimu ya kazi hiyo: zinaonyesha meno yatasimama wapi. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia wenzangu wakisema mipango ya namna hii ni ya Ulaya. Plasta na nta zipo Kasulu, zipo na Nzega.

Hatua ya tatu: uliza mfupa utatoka wapi, na utawekwa wapi

Mama mmoja kutoka wilaya ya Kasulu alikuja kwangu akitaka meno ya bandia. Upande wa kushoto wa taya lake la chini ulikuwa umekatwa miaka kadhaa nyuma na pengo likaachwa hivyo. Kovu lilikuwa safi kabisa. Lakini alipofunga mdomo, kidevu kilikimbilia kushoto, na meno yake ya chini ya upande wa kulia, mazima na mazuri, yakapita ndani ya yale ya juu bila kukutana hata moja. Alifuta mate kwa ncha ya kanga. "Dokta, ugali nautazama tu," aliniambia. "Mwaka wa ngapi huu, uji." Nilipopapasa fizi ya kushoto, kidole kilizama kwenye nyama. Hapakuwa na kitu cha kukalia meno niliyoombwa.

Kwa hiyo uliza. Njia zinazotumika sana ni tatu.

Ya kwanza ni pleti ya titaniamu peke yake. Inashikilia vipande viwili vya taya visikimbiliane, uso unabaki na umbo, na upasuaji ni mfupi. Ila pleti si mfupa. Kipandikizi cha jino, yaani skrubu inayokazwa kwenye mfupa ili ibebe jino la bandia, hakiwezi kushika juu yake, na meno ya kuvua yakikalishwa juu ya nyama iliyolala kwenye chuma, nyama husagika mpaka chuma kitokeze. Pleti yenyewe huchoka na inaweza kuvunjika, na ile inayozunguka kidevu husumbua zaidi. Ukiambiwa utawekewa pleti, swali lako ni: hii ni ya kudumu, au ni ya kusubiria mfupa? Kama ni ya kusubiria, mfupa utawekwa lini?

Ya pili ni kipande cha mfupa wa nyonga kisicho na mishipa yake ya damu. Hufaa kwa pengo fupi, kama sentimita tano au sita, penye nyama yenye afya ambayo haijapigwa mionzi. Mate ni adui yake, ndiyo maana madaktari wengi husubiri kinywa kipone kwanza, kisha huingiza mfupa kwa kupitia ngozi ya shingoni. Uzuri wa nyonga ni kimo: inatoa mfupa mrefu na mnene wa kutosha meno. Ubaya wake, hupungua taratibu usipopewa kazi ya kubeba.

Ya tatu ni fibula, ule mfupa mwembamba wa pembeni ya muundi, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuunganishwa na mishipa ya shingo chini ya darubini. David Hidalgo wa New York ndiye aliyeandika mwaka 1989 kuhusu kujenga taya la chini kwa mfupa huu, na tangu hapo umekuwa tegemeo la mapengo makubwa. Unaweza kutoa hadi sentimita 25 hivi. Sentimita sita hadi nane huachwa karibu na kifundo cha mguu ili kisilegee, na mgonjwa hutembea tena.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini. Taya la chini lenye meno lina kimo cha milimita 30 hivi. Fibula ina 13 hadi 15. Daktari akiilaza fibula chini kabisa, kwenye ukingo wa taya, uso unapendeza, lakini meno inabidi yawe marefu mno ili yafikie ya juu, na jino refu juu ya mfupa mfupi hufanya kazi ya mtaimbo: kila unapotafuna linang'oa. Akiipandisha juu sana, meno yanakaa vizuri ila ukingo wa uso unabonyea. Vilevile kuna ndani na nje. Mfupa ukifuata umbo la nje la taya unaweza kukaa nje ya mstari wa meno ya juu, ukakuta vipandikizi vinatokezea shavuni badala ya chini ya magego.

Majibu yapo. Fibula inaweza kukunjwa ikakaa tabaka mbili. Inaweza kupandishwa kiasi, pleti ikabaki chini kushika umbo la uso. Inaweza kusogezwa ndani kidogo. Ila hakuna kati ya hayo linaloweza kuamuliwa kwa kukisia mgonjwa akiwa usingizini. Fundi wa meno hupanga kwanza meno ya nta juu ya sanamu za plasta, au kwenye kompyuta, kisha daktari wa meno ya bandia na wa upasuaji wanarudi nyuma pamoja: meno hapa, vipandikizi hapa, kwa hiyo mfupa hapa, kwa hiyo mikato ya fibula hapa na hapa. Kila kipande cha fibula kisipungue sentimita mbili hivi, kikiwa kifupi zaidi damu haikifikii vizuri. Kwa meno ya kuvua yanayobanwa kwenye fimbo ya chuma juu ya vipandikizi, panahitajika kama milimita 15 kati ya fizi na meno ya juu. Nafasi ikiwa ndogo, meno yatavunjika.

Kabla ya msumeno kugusa mfupa, na ikiwa meno yaliyobaki yanaruhusu, meno ya juu na ya chini hufungwa yakiwa yameumana kama kawaida, ndipo pleti inapokazwa. Kitendo hicho kidogo ndicho kinachozuia kidevu kukimbia kama cha yule mama.

Vipandikizi vinaweza kuwekwa siku ileile ya kujenga taya, au baada ya miezi sita hivi mfupa ukishashika. Baada ya hapo husubiriwa tena miezi minne hadi sita kabla ya kubebeshwa meno. Ngozi ya mguu iliyohamia mdomoni pamoja na fibula ni nene, mara nyingi hupunguzwa kwanza. Kijana ambaye bado anakua asiwekewe. Na wenzetu wa Urambo na Kaliua wanaolima tumbaku, naomba mnielewe vizuri: kulima ni riziki, lakini mgonjwa anayevuta anahatarisha mishipa iliyoungwa na vipandikizi pia. Aache wiki kadhaa kabla, asirudie.

Vipandikizi ni ghali, na wengi wetu hawatavipata mwaka huu. Mpango haubadiliki kwa hilo. Hata meno ya kuvua ya kawaida yanahitaji kingo ya mfupa ya kukalia, meno imara ya kushikilia, na nafasi kati ya shavu na fizi ambayo haikushonwa ikaisha. Mfupa ukikaa pazuri leo, vipandikizi vinaweza kuja miaka mitano baadaye.

Hatua ya nne: kama ni taya la juu

Taya la juu likikatwa, mdomo na pua vinakuwa chumba kimoja. Uji unatokea puani, maneno hayaeleweki, na mtu mzima anaanza kujificha wakati wa kula. Hili linazuilika kuanzia siku ya kwanza kwa kizibo cha kaakaa, bamba la plastiki linaloziba tundu na kushikwa na nyaya kwenye meno yaliyobaki.

Kizibo hicho hutengenezwa kabla ya upasuaji. Daktari anachora kwa penseli kwenye sanamu ya plasta mahali atakapokata, fundi anakwangua meno ya upande huo na kutengeneza bamba, na linawekwa mgonjwa akiwa bado usingizini. Baada ya wiki moja hivi hutolewa pamoja na shashi na kubadilishwa kwa la muda. La kudumu hutengenezwa miezi kadhaa baadaye jeraha likishatulia.

Mambo machache ya kumwomba daktari, ugonjwa ukiruhusu: chonge libakie, jino lililo kwenye mstari wa kukata ling'olewe na mkato upite katikati ya tundu lake, ili jino jirani libaki na mfupa wake, sehemu ya kaakaa isiyo na ugonjwa isiguswe, na upande wa ndani wa shavu ufunikwe kwa ngozi ya kupandikiza, kwani kovu lake husaidia kushika kizibo.

Nimesema ugonjwa ukiruhusu. Usimwombe daktari yeyote aache uvimbe kwa ajili ya jino.

Hatua ya tano: ikiwa mionzi itafuata

Meno mabovu yang'olewe angalau wiki mbili kabla ya mionzi kuanza. Kwa kuwa mionzi ya saratani ya kinywa inatakiwa ianze ndani ya wiki sita baada ya upasuaji, nafasi ni finyu. Bora yatolewe siku hiyohiyo ya upasuaji. Baada ya mionzi mfupa wa taya hauponi kama zamani, na hatari hiyo haiishi. Miaka kumi baadaye, kabla ya kung'oa jino lolote, mwambie tabibu: nilipigwa mionzi.

Hatua ya sita: safari, fedha na maswali

Rufaa ya kawaida itapitia hospitali ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora. Kutoka hapo utaelekezwa Mwanza au Dar es Salaam. Kazi hii yote, hadi meno ya mwisho, inaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi, na safari za kwenda na kurudi ndizo zinazowakatisha wengi tamaa, hasa wa kupitia Kibondo na Nyakanazi wakiwa na mdomo unaouma. Omba miadi ya upasuaji na ya meno ya bandia ipangwe siku zinazofuatana.

Ulizia gharama ya kila kitu peke yake: upasuaji, pleti, vipandikizi, meno ya bandia. Bima inaweza kubeba kimoja ikaacha kingine. Usipokuwa na uwezo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya tarehe ya upasuaji, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Andika maswali haya kwenye karatasi, ndugu mmoja aingie na mgonjwa akiwa ameyashika:

- Daktari wa meno ya bandia ameshamwona mgonjwa? Anaweza kumwona kabla ya upasuaji?
- Meno gani yatatoka, na yapi yatabaki?
- Pengo litajazwa kwa nini, siku hiyo au baadaye?
- Mfupa mpya utakaa chini ya meno ya juu?
- Nani atatengeneza meno, na miadi yangu ya kwanza kwake ni lini?

Swali la mwisho lipate tarehe, iandikwe kwenye kadi kabla hujaruhusiwa kutoka wodini.

Baada ya kurudi

Mazoezi ya kufungua mdomo yaanze daktari akiruhusu, mara kadhaa kwa siku. Vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi vikipangwa pamoja kati ya meno, ukiongeza kimoja kila siku chache, hufanya kazi vizuri. Mdomo ukibana, kijiko cha kuchukulia chapa hakipiti, na meno yote uliyoyapanga yanaishia hapo.

Chakula kiwe laini lakini chenye nguvu. Uji mtupu haujengi jeraha. Tia karanga zilizosagwa, tia kijiko cha mawese, saga dagaa ziwe unga uchanganye, tumia supu ya migebuka iliyochujwa miiba kwa uangalifu.

Meno ya kuvua yatolewe usiku, yasafishwe kwa mswaki na sabuni, yalale kwenye maji safi. Kizibo cha kaakaa kisafishwe kila baada ya kula. Ukiona kidonda chini ya meno, acha kuyavaa na uje. Usiyakwangue mwenyewe kwa kisu. Chuma kikitokeza, usaha ukitoka, au meno yakianza kukutana tofauti na jana, njoo siku hiyohiyo.

Aliyekuwa na ameloblastoma apigwe picha ya taya kila mwaka kwa miaka mingi, hata akijisikia mzima kabisa, maana uvimbe huu umewahi kurudi baada ya miaka kumi na zaidi. Picha ya kwanza baada ya upasuaji itunzwe nyumbani pamoja na zile sanamu za plasta, na kila picha mpya ilinganishwe nayo.